Fomula zinakukimbia kwenye mtihani wa fedha? Jua kwanza ni ugonjwa gani

Ukimuuliza mtu anayesomea CFA, FRM, ACCA au CPA (mitihani ya kitaaluma ya fedha na uhasibu) kinachomsumbua, wengi watakwambia "mi sina kichwa cha fomula", na dawa wanayojipa ni moja tu, kuziandika zote upya kwenye daftari safi kwa kalamu za rangi alafu kuzisoma kila usiku mpaka siku ya mtihani. Nilifanya hivyo miezi mingi kwenye mtihani wangu wa kwanza na nikafeli, na kilichoniuma zaidi ni kwamba fomula nilikuwa nazo. Nilitoka nje ya chumba nikaziandika karibu zote kwenye karatasi bila kuangalia popote. Kumbe shida yangu haikuwa kukumbuka, shida yangu nilikuwa nasoma swali na sioni linataka ipi, na miezi yote ile nilikuwa natibu ugonjwa ambao sikuwa nao.

Kwa hiyo hapa ntaenda dalili kwa dalili, chanzo chake na cha kufanya, sababu "nasahau fomula" ni jina moja la matatizo kama saba hivi, na dawa ya hili hailigusi lile.

Kabla ya yote, jipime

Chukua somo moja tu, mfano bondi, au gharama ya mtaji. Funga kitabu. Jibu maswali 20 yaliyochanganywa, sio ya mada moja, kwa muda wa mtihani kabisa, yaani kama ni CFA level ya kwanza ni kama sekunde 90 kwa swali (maswali 180, vipindi viwili vya dakika 135). Ukimaliza, kila swali ulilokosa liwekee herufi. S kama fomula haikuja kabisa. V kama ilikuja imevunjika, alama imegeuka au kitu kimekaa sipo. C kama ulichagua fomula isiyo yake. K kama fomula ilikuwa sawa na ukakosea kwenye kalkuleta au kwenye namba.

Usijionee huruma hapo. Kuna tabia ya kusema "aah hili nilikuwa nalijua, nimeteleza tu" na kulipita, sasa hilo uliloteleza ndio linalotakiwa kupata herufi, maana siku ya mtihani utateleza palepale. Ukihesabu herufi zako utaona zinajazana upande mmoja. Nenda kwenye dalili ya upande huo kwanza, zingine zisubiri.

Dalili: ukiiona unaijua, ukiifunika haipo

Herufi S nyingi, lakini ukifungua kitabu unasema "ndio, si hii hapa". Ni kama mtu unayemtambua vizuri ukikutana naye njiani ila jina lake haliji. Kutambua ni kazi moja na kutoa kichwani ni kazi nyingine, na kusoma daftari kila usiku kunafanyisha mazoezi ile ya kwanza tu.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walitoa utafiti ambao mi kila anayejiandaa na mtihani namwambia. Wanafunzi walisoma maandishi, kundi moja likarudia kusoma, lingine likafunika na kujaribu kukumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya siku 2, na baada ya wiki, waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi. Ona sasa mtego ulipo: usiku ule unaosoma na kurudia unajisikia uko vizuri, na kweli uko vizuri, kwa dakika hizo. Mtihani wako hauko baada ya dakika 5.

Cha kufanya ni rahisi ila kinachosha. Funika, andika kwa mkono, alafu ndio ufunue. Kwa mkono kweli, sio kichwani, maana kichwani tunajidanganya sana, unasema "ile ya dyuresheni (kipimo cha bei ya bondi inavyoyumba riba ikibadilika) nimeipata" wakati hujaamua kama unagawanya au unazidisha, karatasi inakulazimisha uamue. Ikigoma ipe kama sekunde 15 za kuhangaika kabla hujachungulia, yale mahangaiko ndio yanayoishikiza. Na upande wa mbele wa kadi usiandike jina la fomula peke yake. Badala ya "fomula ya Gordon" andika "hisa inalipa gawio linalokua kwa kasi ileile milele, bei yake leo?", kwa sababu mtihani haukuiti kwa jina.

Dalili: wiki iliyopita ulikuwa nayo, leo imeyeyuka

Hii inawakatisha watu tamaa kuliko zote, na ndio nyepesi kuliko zote. Huna kichwa kibovu. Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na mwaka 1885 akachapisha alichoona: tunasahau kwa kasi sana masaa na siku za mwanzo, baadae mteremko unalegea. Fomula uliyoisoma mara moja Jumapili, hata kwa masaa matatu, ikapotea Alhamisi inafanya kile kile ambacho kumbukumbu za watu wote zinafanya.

Dawa ni kuigusa kabla haijafa. Kesho, alafu baada ya siku 3, wiki, wiki mbili, mwezi. Dakika chache kila mara. Ukitaka ya mikono tumia boksi la Sebastian Leitner, unapanga kadi kwenye vyumba vitano, ukipata kadi inasogea chumba cha mbele ambacho unakifungua kwa nadra zaidi, ukikosa inarudi chumba cha kwanza bila kujadiliana. Ukitaka simu ikupangie kuna programu ya kadi inaitwa Anki. Ila tafadhali usianze kutengeneza kadi 300 wiki mbili kabla ya mtihani, utamaliza muda wote kutengeneza na hazitakuwa na nafasi ya kurudi hata mara tatu. Ukiwa na wiki mbili chukua 40 unazozikosa.

Dalili: inakuja lakini imevunjika

Hapa nitakaa, kwa sababu herufi V ndio zinazokula maksi kimya kimya. Fomula inakuja, unajiamini, unapata jibu na jibu lako lipo pale kwenye machaguo, unatiki na kusonga. Watunga maswali wanajua watu wanapokosea na jibu la kosa lako wameliweka makusudi.

Chukua ile ya gawio linalokua. Bei = gawio la mwaka ujao gawanya kwa (r toa g), r ni faida wanayotaka wawekezaji, g ni kasi ya kukua kwa gawio. Kampuni imetoka kulipa gawio la 2, linakua 4%, wawekezaji wanataka 10%. Aliyeivunja anachukua 2 gawanya 0.06 anapata 33.33. Iliyo nzima ni 2 mara 1.04, yaani 2.08, gawanya 0.06, inakuja 34.67. Kosa ni dogo na yote mawili yatakuwepo kwenye machaguo.

Au CAPM, fomula ya faida ambayo hisa inatakiwa kulipa kwa hatari yake, ambapo beta ni jinsi hisa inavyoyumba soko likiyumba. Riba isiyo na hatari 4%, soko linarudisha 10%, beta 1.2. Sahihi ni 4 + 1.2 × (10 − 4) = 11.2%. Iliyovunjika ni 4 + 1.2 × 10 = 16%. Na kuna iliyovunjika kwa kinyume: swali limesema primia ya soko (soko toa riba isiyo na hatari) ni 6%, mtu akaitoa tena ile 4. Kurudi kwa soko na primia ya soko ni vitu viwili, primia ishatolewa tayari.

Chanzo ni kwamba umeihifadhi kama picha. Picha ikichakaa kona moja huna njia ya kujua kona hiyo ilikuwaje. Aliyeihifadhi kama maana anaweza kuijenga upya. Kwa nini gawio la mwaka ujao? Kwa sababu la mwaka huu lishalipwa, wewe unayenunua hisa leo hulipati, unanunua yanayokuja. Ukishaelewa hivyo hutakaa uweke D0 (gawio lililokwisha lipwa) tena maisha yako yote, hamna haja hata ya kadi.

Sasa, kuna kipimo ambacho kama ningeruhusiwa kumfundisha mtu kitu kimoja tu ningemfundisha hiki: weka 0 au 1 uone kama fomula inasema kitu cha akili. Weka beta 0 kwenye CAPM, lazima ibaki riba isiyo na hatari. Weka beta 1, lazima ipatikane kurudi kwa soko lenyewe. Ile ya 4 + 1.2 × 10 ukiiwekea beta 1 inakupa 14% wakati soko ni 10%, haiwezekani, umejikamata mwenyewe. Weka g = 0 kwenye Gordon, inakuwa gawio gawanya r, ambayo ni malipo ya milele ya kawaida, safi. Weka deni 0 kwenye WACC (wastani wa gharama ya mtaji), inabaki gharama ya wenye hisa. Weka m = 1 (mara riba inavyojumlishwa kwa mwaka) kwenye riba halisi ya mwaka, (1 + r/m) kwa kipeo m toa 1, inarudi r ileile. Weka n = 1 kwenye anuiti, yaani malipo sawa A kila mwaka kwa miaka n, A × (1 − (1+r)^−n) / r, lazima itoke A gawanya (1 + r), maana ni malipo mamoja tu ya mwaka mmoja mbele. Kwenye variansi (mtawanyiko) ya mseto wa hisa mbili, w ni uzito wa kila hisa na σ ni sigma, yaani hatari yake, weka korelesheni 1, fomula nzima inajikunja inakuwa (w1σ1 + w2σ2) kwa kipeo cha pili, na kama haijikunji basi ile 2 ya mbele ya w1w2 umeisahau au umesahau kuweka uzito kwa kipeo cha pili.

Kipimo hiki kinachukua sekunde 5 na hakihitaji kumbukumbu ya ziada. Kinahitaji ujue kitu kinapimwa.

Zipo zingine ambazo dawa yake ni kuijenga mara mbili tatu kwa mkono mpaka mkono ujue njia. EOQ, fomula ya ukubwa bora wa oda ya stoku, ndio mfano mzuri. Wengi wanaipoteza kwa sababu ile 2 ndani ya kipeuo haieleweki imetoka wapi. Imetoka hapa: gharama ya kuagiza kwa mwaka ni (D/Q) × Co (D ni mahitaji ya mwaka, Q ni oda, Co ni gharama ya oda moja), gharama ya kutunza ni (Q/2) × Ch (Ch ni ya kutunza kimoja) kwa sababu wastani wa stoku ni nusu ya oda. Kwenye oda bora hizi mbili zinalingana. Zilinganishe, sogeza, unapata Q² = 2CoD/Ch. Mistari mitatu. Anuiti nayo ni hivyo hivyo, ni malipo ya milele yanayoanza mwaka ujao toa malipo ya milele yanayoanza baada ya mwaka n. Sisemi ujenge kila fomula, ya Black-Scholes ya mwaka 1973, ya bei za opsheni, usijaribu kuijenga kwenye chumba cha mtihani hata kidogo, hiyo jua vipande vyake vinafanya nini na kariri. Lakini zinazojengeka kwa mistari minne ni nyingi kuliko unavyodhani, na iliyojengwa haivunjiki.

Kwenye fomula zenye "juu nini chini nini" angalia vipimo. Kiwango cha mbele cha fedha za kigeni kinasumbua sana watu. Kama bei imenukuliwa sarafu A kwa B moja, basi (1 + riba ya A) inakaa juu na (1 + riba ya B) inakaa chini, sarafu iliyo juu kwenye nukuu riba yake iko juu. Baasi.

Dalili: zinazofanana zinachanganyikana

Herufi C. Unaulizwa Treynor unaandika Sharpe (vipimo vya faida dhidi ya hatari). Unaulizwa siku za stoku unagawanya kwa mauzo. Hizi hazijapotea, zinagombania nafasi, na ukizisoma moja moja kwa kurasa tofauti ugomvi hauishi. Ziweke pamoja kwenye karatasi moja kama ndugu alafu uliza wanatofautiana nini tu.

Sharpe, Treynor, uwiano wa Roy na uwiano wa taarifa ni familia moja: ziada uliyopata, gawanya kwa hatari uliyobeba. Kinachobadilika ni maswali mawili, ziada juu ya nini, na hatari ipi. Sharpe unatoa riba isiyo na hatari, unagawanya sigma. Treynor unatoa hiyohiyo, unagawanya beta. Roy unatoa kiwango cha chini ambacho mteja hataki kushuka, unagawanya sigma. Uwiano wa taarifa unatoa kigezo unachojilinganisha nacho, unagawanya sigma ya ile tofauti. Fomula nne zimekuwa wazo moja na maneno manne.

Siku nazo vilevile. Wadaiwa wanatokana na mauzo kwa hiyo wanagawanywa kwa mauzo. Stoku imeandikwa kwa gharama kwa hiyo inagawanywa kwa gharama ya mauzo. Wadai wanatokana na manunuzi. Zote mara 365, alafu mzunguko wa fedha ni siku za stoku jumlisha siku za wadaiwa toa siku za wadai, na ile "toa" inaeleweka yenyewe ukikumbuka kuwa msambazaji anayekusubiri anakukopesha siku hizo.

Na variansi ya sampuli inagawanywa n − 1, ya kundi zima inagawanywa n. Ukitumia sampuli unamega kidogo chini ili jibu likue, maana sampuli huwa inapunguza ukweli wa mtawanyiko.

Dalili: fomula unayo, swali hulioni

Herufi C pia, na huu ndio ulikuwa ugonjwa wangu. Ukipewa mazoezi ya mwisho wa sura unapata 18 kwa 20, ukipewa mtihani wa mfano unapata nusu. Sababu ni kwamba mazoezi ya mwisho wa sura yanakuambia jibu la swali gumu zaidi bila wewe kugundua. Umetoka kusoma dyuresheni, maswali yote 20 ni ya dyuresheni, kwa hiyo kazi ya kuchagua imeshafanyika, wewe unajaza namba tu. Mtihani unakupa swali la bondi, linafuata la maadili, linafuata la kodi iliyoahirishwa, na kuchagua ndio kazi yenyewe.

Kwa hiyo changanya mapema, usisubiri mwezi wa mwisho. Ukimaliza mada ya tatu, mazoezi yako yawe na maswali ya mada ya kwanza na ya pili ndani yake. Utajisikia umerudi nyuma, maksi zitashuka wiki hiyo, na watu wengi wanaacha hapo hapo kwa sababu inauma, ila vumilia.

La pili, fanya zoezi la kusoma swali bila kukokotoa. Maswali 30, kila moja unaandika tu "fomula hii, kwa sababu ya neno hili", hugusi kalkuleta, dakika 20 umemaliza. Ndani ya wiki mbili utaanza kuona maneno yanayoita fomula. "Imetoka kulipa" inaita kuzidisha (1 + g). "Mabadiliko makubwa ya riba" inaita uongeze konveksiti (marekebisho ya dyuresheni kwa kupinda kwa bei ya bondi), yaani ile nusu × konveksiti × mabadiliko kwa kipeo cha pili, wakati "mabadiliko madogo" mara nyingi dyuresheni peke yake inatosha. "Mseto uliosambazwa vizuri" inaelekea Treynor, kwa sababu hatari ya kampuni moja moja ishaondoka imebaki beta. "Mwanzo wa kila mwaka" inaita kalkuleta ibadilishwe iwe BGN, yaani malipo ya mwanzo wa kipindi. "Kabla ya kodi" kwenye gharama ya deni inakuambia (1 − t), t ni kiwango cha kodi, hujaipiga bado, na kumbuka (1 − t) ni ya deni tu, wenye hisa hawana nafuu hiyo.

Hayo maneno yaandike nyuma ya kadi ya fomula husika. Kadi nzuri ina vitu vitatu: inaitwa na maneno gani, ni nini, na nikiweka 0 au 1 inasemaje.

Hapa wapo pia wenzetu wa mitihani inayotoa karatasi ya fomula. Kwenye ACCA mtihani wa FM (usimamizi wa fedha) unapewa CAPM, WACC, EOQ, Miller-Orr (ya akiba ya fedha taslimu), Fisher (ya riba na mfumuko wa bei), fomula ya ukuaji, pamoja na jedwali za kudiskaunti, na watu wanasema basi sina cha kukariri. Karatasi haikuambii Ve (thamani ya hisa ndani ya WACC) ni thamani ya soko sio ya kwenye vitabu. Haikupi uwiano wa kawaida wa taarifa za fedha, hizo unatakiwa ujue. Na haikuambii itumike lini. Kwa hiyo fanya mazoezi ukiwa na karatasi ileile mezani tangu siku ya kwanza, ujue kila herufi yake ni nani, sio uione vizuri kwa mara ya kwanza ukiwa na saa ukutani.

Dalili: fomula sawa, jibu sio

Herufi K. Usiende kukariri zaidi, fomula haina kosa. Kwa wanaotumia kalkuleta ya Texas Instruments BA II Plus, angalia hivi kwa mpangilio.

Kwanza, je ulifuta kazi ya swali lililopita? Vitufe vya N, I/Y, PV, PMT na FV (vipindi, riba, thamani ya leo, malipo, thamani ya mwisho) vinatunza namba, ukikokotoa anuiti na FV ya bondi ya swali lililopita bado imo ndani, jibu linatoka baya na halionekani baya. 2ND kisha CLR TVM, kila swali, hata kama una haraka. Pili, alama. Pesa inayotoka na pesa inayoingia zisiwe na alama moja, ukiingiza zote chanya ukatafuta I/Y utaona Error 5 na watu wanadhani kalkuleta imeharibika. Tatu, juu kwenye kioo pameandika BGN? Basi umesahau kuirudisha baada ya swali la malipo ya mwanzo wa mwaka, na maswali yote yanayofuata yamepinda. Nne, P/Y (malipo kwa mwaka), iache kwenye 1 na ugawanye riba mwenyewe, ni salama zaidi kuliko kukumbuka kuibadilisha.

Na hili wengi hawalijui: mashine hiyo ikitoka kiwandani inakuwa kwenye Chn, inakokotoa kwa mfuatano unaobonyeza. 3 + 2 × 4 itakupa 20, sio 11. Kwenye CAPM hiyo ni balaa, maana ukibonyeza 4 + 1.2 × 6 inakupa 31.2. Ingia kwenye fomati uibadilishe iwe AOS, inayozidisha kabla ya kujumlisha, au zoea kuanza na kuzidisha. Wa kalkuleta ya HP 12C mna mpangilio wenu wa RPN, namba kwanza alama baadae, sio mbaya ukiuzoea lakini usihamie mwezi wa mwisho. Kalkuleta utakayoingia nayo ndio ufanyie mazoezi yote.

Alafu asilimia na desimali. Kwenye variansi ukichanganya 20 na 0.20 ndani ya swali moja unapotea mara elfu kumi. Chagua moja uende nayo mpaka mwisho.

Dalili: kichwa kinakuwa cheupe chumbani

Nyumbani zote zinakuja, ndani ya chumba hazipo. Kwanza hakikisha kweli ni hii, maana mara nyingi anayesema hivi nyumbani alikuwa na daftari pembeni, kwa hiyo ugonjwa wake ni ule wa kwanza kabisa. Kama jibu lako la karatasi nyeupe nyumbani lilikuwa zuri, basi tatizo ni mazingira. Umezoea kukumbuka ukiwa umetulia, na muziki, bila saa. Fanya mitihani mizima ya mfano, kikao kimoja bila kusimama, angalau mitatu, saa ileile ambayo mtihani wako utaanza. Ya FRM ni masaa manne kwa kila sehemu, mwili wenyewe unatakiwa uzoee kukaa hayo masaa.

Muda ukishaanza kuhesabiwa, na sio kabla, maana kuandika kabla ya muda kunaweza kukutoa kwenye mtihani, andika haraka zile fomula tano au sita zinazokusumbua kwenye nafasi ya kuandikia uliyoruhusiwa. Tano tu. Ziwe zile zenye V nyingi kwenye hesabu yako. Nimeona watu wanaandika ukurasa mzima kwa dakika 8 na hizo dakika ni maswali matano.

Ikigoma katikati usiiite kwa jina, iite kwa maana: hapa nini kinalipwa, lini, na nani anabeba hatari. Dakika moja ikipita bila kitu, weka alama, chagua jibu lolote kama mtihani wako haukati maksi kwa kukosea (CFA haikati), nenda mbele. Mara nyingi inarudi yenyewe ukiwa kwenye swali la pili au la tatu mbele, hasa kama maneno ya swali hilo yanaigusa familia ileile.

Na usiku wa mwisho lala. Kama unataka kugusa kitu jioni hiyo, toa kadi ambazo ziko chumba cha kwanza cha boksi, zipitie mara moja kwa kufunika na kuandika, angalia kalkuleta haiko BGN, weka betri ya akiba kwenye begi kama sheria za mtihani wako zinaruhusu, ufunge.